Maji ya kwenye nyufa za mwamba hayapiti tu, yanasukuma pia

Mashine ya kuchimba kisima inashuka mita 60 inatoa vumbi tu, inahamishwa hatua chache pembeni na maji yanaruka. Hapo kila mtu kijijini anakuwa na maelezo yake, huyu anasema mchimbaji hajui kazi, yule anasema mahali pale pana mizimu. Maelezo yenyewe yako kwenye mwamba.

Sehemu kubwa ya Uganda tumekaa juu ya mwamba mgumu wa zamani mno, granaiti na naisi, kuna mahali umri wake unapita miaka bilioni 2.5. Jiwe lenyewe halina nafasi ya kuweka maji ndani, kwa hiyo maji yanakaa kwenye tabaka la juu ambalo mwamba umeshaoza ukawa laini, na chini yake yanakaa kwenye nyufa. Ukikosa ufa umekosa maji, hata kama jirani yako anajaza jerikani kila asubuhi.

Utafiti wangu wa shahada ya uzamivu ni kutengeneza modeli za kompyuta za maji hayo, lakini pamoja na kusogea kwa mwamba wenyewe, manake hivi vitu viwili huwezi kuvitenganisha. Ufa ukipanuka mara mbili, maji yanayopita hayaongezeki mara mbili, yanaongezeka mara 8. Na ukibanwa kwa asilimia 10 tu unapoteza zaidi ya robo ya maji, yaani badiliko dogo ambalo jicho halioni linatosha kubadilisha kisima.

Sasa geuza upande wa pili. Maji nayo yanausukuma ufa. Ufa uliojaa maji kwenda chini mita 10, pale chini kabisa kila mita moja ya mraba inasukumwa kwa nguvu ya kama tani 10, na nguvu hiyo inapunguza ule mgandamizo unaofanya jiwe lishikane na jiwe lenzake, msuguano unashuka, na kama mwamba uko kwenye mteremko unaweza kuanza kuteleza. Mhandisi Karl Terzaghi ndiye alieweka msingi wa hesabu hii kwa udongo miaka ya 1920 na sisi wa miamba tunaitumia mpaka leo.

Ufaransa waliliona hili kwa uchungu mkubwa. Bwawa la Malpasset lilivunjika tarehe 2 Desemba 1959 na watu zaidi ya 400 wakafa, na ukuta wenyewe ulikuwa umejengwa vizuri, kilichoshindwa ni mwamba wa upande wa kushoto, naisi kama hii yetu. Wataalamu waliokuja kuchunguza walieleza kwamba uzito wa bwawa uliminya nyufa za chini, maji yakakosa pa kupita, presha ikapanda nyuma yake mpaka kipande kikubwa cha mwamba kikasukumwa nje. Ukihesabu maji peke yake au mwamba peke yake, hilo hulioni.

Huku kwetu tunawaza maporomoko ya ardhi ya Mlima Elgon. Nametsi tarehe 1 Machi 2010, Bukalasi Oktoba 2018, Bulambuli Novemba 2024, ndugu zetu wamefukiwa na wengine hawajapatikana mpaka leo. Kule mara nyingi kinachoteleza ni udongo mzito uliokaa juu ya mwamba uliooza, sio mwamba mgumu, lakini kazi ya presha ya maji ni ile ile. Ndio maana mimi huwa nasisitiza kwamba mvua kukatika sio ruhusa ya kurudi kulala kwenye mteremko, maji yaliyozama juu yanaweza kuchukua muda kushuka, na presha ya chini ikaendelea kupanda wakati jua limeshatoka.

Modeli inatengenezwaje wakati nyufa za chini hatuzioni? Tunaenda kwenye machimbo ya mawe na miamba iliyo wazi, tunapima nyufa zimeelekea wapi, ziko mbali kiasi gani, zina urefu gani, alafu kompyuta inachora mitandao mingi ya nyufa inayofanana na vipimo hivyo, kila mmoja tofauti kidogo, tunapitisha maji kwenye yote. Jibu linalotoka ni uwezekano, kwamba hapa hatari ni kubwa na pale ni ndogo. Wanaotaka modeli iwaambie siku na saa wanaidai kitu ambacho haiwezi.

Na modeli bila vipimo vya shambani haina thamani, hapo ndio tunawahitaji nyinyi. Mkiona ufa mpya ardhini juu ya mteremko, miti au nguzo zimeanza kuinama, au chemchemi imetoka mahali haikuwepo, au ya zamani imebadilika ghafla ikawa na tope, hameni kwanza mkalale kwengine, alafu mwambieni mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na ofisi ya wilaya. Kwa ufa ambao umetulia na uko mahali salama kufika, pigeni vigingi viwili, huku kimoja na huku kimoja, mpime kwa futi kamba kila wiki mkiandika tarehe na kama mvua ilinyesha.

Wenye visima pia, ile karatasi ya mchimbaji inayoonyesha maji yalipatikana mita ngapi na yanatoka kiasi gani kwa saa, msiitupe, na kamati ya maji ikibadilishwa mkabidhiane pamoja na funguo za bomba.