Fedha ya kontakta imekwenda wapi?

Juzi fundi mmoja wa Unga Limited, hapa Arusha, alinifungulia kontakta, yaani swichi ya sumaku-umeme, ya pampu ya kisima. Vile vinundu vya aloi ya fedha vinavyokutana kupitisha umeme vilikuwa vimeliwa: kimoja kimebaki nusu, uso umejaa vishimo, pembeni vitone vimeganda, na plastiki ya jirani imepakwa weusi. Akaniuliza, "Mwalimu, hii fedha imekwenda wapi?"

Ndilo swali ninaloshinda nalo kwenye kompyuta.

Kontakta inapoachia, tao la umeme, yaani umeme unaoruka hewani kama cheche nene, huzuka katikati. Joto lake ni nyuzi elfu kadhaa, na matao makali hupita 10,000. Fedha huyeyuka kwenye nyuzi 962 na kuchemka kwenye 2,162, ila haingoji kuchemka ndipo itoe mvuke, kama nguo zinavyokauka kwenye kamba. Na joto likipanda kutoka 1,780 hadi 2,160 hivi, kanieneo (msukumo) ya mvuke huo huongezeka mara 10. Ukikosea kidogo joto la uso, hesabu yote imeharibika.

Modeli yangu ya kwanza ilitumia mlinganyo wa Hertz na Knudsen peke yake, na vinundu vikaisha upesi mno. Mlinganyo ule huhesabu atomi zinazoruka kana kwamba mbele yake ni ombwe, mahali pasipo na hewa. Kwenye hewa, atomi haiendi mbali kabla ya kugongana na nyingine, na nyingi hurudi usoni kuganda upya. Zilizopoteza elektroni huvutwa tena na kathodi, yaani kinundu cha upande hasi. Kinachopotea ni tofauti ya zinazotoka na zinazorudi, mpaka uso unapokaribia kuchemka. Hapo mvuke huisukuma hewa na kutoka kwa kasi.

Kisha mvuke wenyewe hulibadilisha tao, na hapa ndipo utamu wa kazi hii. Atomi ya fedha huachia elektroni kwa nishati ya elektronivolti 7.6, ya naitrojeni ya hewani kwa 14.5. Mvuke kidogo ukiingia, tao hupitisha umeme hata likiwa limepoa, huku mwanga wa metali ukilimaliza joto. Kwa hiyo nazungusha hesabu: uso, mvuke, tao, halafu uso tena, hadi namba zitulie.

Vile vitone ni habari nyingine. Hiyo ni fedha iliyorushwa ikiwa bado kimiminika, wala hakuna mlinganyo wa mvuke unaoihesabu. Nimemwomba fundi anihifadhie vinundu vyote anavyong'oa, pamoja na vipya vya aina ileile. Tutavipima kwenye mizani ya sonara.