Ruhusa za folda ya pamoja: geti na mlango

Anayekaa kwenye ploti za Pipeline au Kasarani, Nairobi, anajua jinsi mtu anavyoingia nyumbani. Kwanza kuna geti, na askari anayetaka kujua kama wewe ni wa hapo. Ukipita unapanda ngazi, unafika kwenye mlango wako na kufuli lako. Askari akikufungulia geti hajakufungulia nyumba ya jirani. Na hata ukiwa na ufunguo wa nyumba mfukoni, geti likifungwa utalala nje.

Folda ya pamoja kwenye seva ya faili iko hivyo hivyo. Seva ya faili ni kompyuta inayotunza mafaili ya ofisi nzima, ili mhasibu wa ghorofa ya 2 na karani wa ghorofa ya 4 wafungue waraka uleule bila kubebeana flashi. Folda hiyo huwa na ruhusa za aina mbili. Geti ni ruhusa ya kugawana, ambayo huwekwa kwenye mipangilio ya huduma inayoitoa folda mtandaoni. Mlango ni ruhusa ya faili au folda yenyewe pale ilipo kwenye diski. Anayekuja kupitia mtandao lazima apite kote kuwili, na ile ruhusa kali zaidi ndiyo inayoshinda: geti likisema "soma tu" na mlango ukisema "soma na uandike", utasoma tu.

Hili nililielewa vizuri baada ya kukosea. Katika ofisi moja pale Moi Avenue niliweka Samba kwenye seva ya Linux. Samba ni programu huria inayotumia SMB, itifaki ambayo kompyuta za Windows hutumia kugawana mafaili. Mhasibu alifungua mafaili yake bila shida, lakini kila akijaribu kuhifadhi alikataliwa. Kwa haraka nikaandika chmod -R 777, amri ya Linux inayobadilisha ruhusa za mlangoni, juu ya folda nzima na vyote vilivyomo. Akajaribu tena, bado. Samba, usipoiambia vingine, hutoa folda kwa kusoma tu. Tatizo lilikuwa getini, nami nilikuwa nimeng'oa milango ya ploti yote. Kwenye mipangilio ya Samba nikabadilisha read only (kusoma tu) iwe no, akahifadhi, nikafunga kazi. Ile 777 nikaiacha palepale.

Siku chache baadaye alinipigia simu. "Kijana wangu, mbona huyu mwanagenzi anafungua faili la mishahara?"

"Nakuja, mama."

Zile tarakimu tatu zinasomwa hivi: ya kwanza ni ya mwenye faili, ya pili ni ya kikundi chake, ya tatu ni ya watu wengine wote. Kusoma ni 4, kuandika ni 2, kuendesha ni 1, na unazijumlisha. Kwa folda, ile 1 ni ruhusa ya kupita ndani yake. Na hapa wengi huteleza: mwenye ruhusa ya kuandika kwenye folda, akiwa pia anaweza kupita ndani, anaweza kufuta au kubadilisha jina la faili lililomo, hata kama faili hilo si lake na hana ruhusa ya kulisoma. Kwa hiyo 777 ni 4 na 2 na 1 kwa kila mtu. Faili la mishahara lina majina, nambari za vitambulisho na akaunti za benki za watu, data ambayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka itunzwe.

Marekebisho hayakuwa magumu. Nilianzisha kikundi cha wahasibu na kuwatia humo watu wawili wanaohusika. Ruhusa ipe kikundi, usiipe mtu mmoja mmoja. Mfanyakazi akihama idara unamtoa kikundini, na ruhusa ya folda zote inamtoka bila wewe kuzikumbuka moja moja. Folda nikaikabidhi kikundi hicho na kuipa 2770. Sufuri ya mwisho ina maana wengine hawana chochote. Ile 2 ya mbele hufanya kila faili jipya lirithi kikundi cha folda badala ya kikundi cha aliyeliunda. Ukiisahau, mhasibu mmoja atahifadhi ankara leo na mwenzake kesho ashindwe kuifungua, na simu itakuwa yako. Upande wa Samba nikaandika valid users = @wahasibu, yaani getini wapite wa kikundi hicho tu, na create mask, ambayo ni kikomo cha ruhusa za faili jipya, iwe 0660, kwa sababu ya kawaida ni 0744, ambayo hainyimi wenzako kusoma lakini inawanyima kuandika. Folda ndogo mpya nazo nikaziwekea kikomo chao, directory mask, cha 2770.

Kisha ujaribu, na ujaribu ukiwa kwenye kompyuta ya mtumiaji. Ukijaribu ukiwa umekaa kwenye seva yenyewe, uko ndani ya geti tayari: mipangilio ya Samba haikuhusu, unaona milango tu. Nilimwomba mwanagenzi aingie kwa jina lake na nywila yake, kwenye meza yake. Akabofya folda ya mishahara, kompyuta ikamwambia hana ruhusa. Mhasibu, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akamwomba abofye tena.