Matabaka ya OSI na ya TCP/IP Yanavyolingana

Tabaka, katika mitandao ya kompyuta, ni fungu la kazi linalopokea data kutoka juu yake, likaiongezea taarifa zake, kisha likaikabidhi kwa tabaka la chini. Muundo wa OSI, yaani ramani ya jinsi kazi za mtandao zinavyogawanywa, uliochapishwa na shirika la viwango la ISO mwaka 1984, una matabaka saba. Ule wa TCP/IP, unaoendesha intaneti, kwa mujibu wa hati ya RFC 1122 ya mwaka 1989, una manne. Matabaka mawili yakisemwa kulingana, maana yake ni kwamba kazi zake zinafanana, si kwamba moja limezaliwa na jingine, kwani mtandao wa ARPANET, mtangulizi wa intaneti, ulikwishahamia TCP/IP tarehe 1 Januari 1983.

Ulinganifu ulio wazi uko katikati: tabaka la 3 la OSI ndilo la intaneti, makazi ya IP, itifaki (kanuni za mawasiliano) inayoelekeza data kwa anwani, na la 4 ndilo la usafirishaji, lenye TCP na UDP, itifaki zinazofikisha data kwa programu husika. Chini, la 1 (la maumbile) na la 2 (la kiungo cha data) huwekwa pamoja katika tabaka la kiungo, ingawa vitabu vingi huyatenganisha na kupata matabaka matano.

Ugumu uko juu, ambako la 5 (la kikao), la 6 (la uwasilishaji) na la 7 (la programu) yote huingia katika tabaka moja la programu. Ukifungua tovuti ya https, kivinjari huandika ombi la HTTP (itifaki ya kurasa za wavuti), TLS (itifaki ya usalama) hulisimba, yaani hulificha kwa msimbo, TCP hulitia namba ya poti 443, inayoonyesha huduma inayotakiwa, IP huongeza anwani za mtumaji na mpokeaji, na mwishowe Wi-Fi huweka anwani ya MAC (namba ya kifaa), yenye biti 48, ya ruta iliyo karibu. Je, TLS ni tabaka la ngapi? Inasimba data kama la 6, inatunza kikao kama la 5, na imekaa juu ya TCP. Kwa maoni yangu, kumlazimisha mwanafunzi achague namba moja ni kumpotosha. ARP, itifaki inayotafuta anwani ya MAC ya anwani fulani ya IP, nayo husafiri ndani ya fremu (kifurushi cha tabaka la 2) ya Etheneti bila IP, ilhali inalitumikia tabaka la 3.

Namba zinazotumika kazini, hata hivyo, ni za OSI. Fundi akisema hitilafu iko tabaka la 7, anazungumzia programu, japo kwa hesabu ya TCP/IP tabaka hilo ni la 4.