Nyaraka unazomwomba mwajiri zinahusikaje na kesi yako?

"Naomba baruapepe zote zinazonitaja tangu nilipoajiriwa." Wafanyakazi wengi walioachishwa kazi huniletea ombi la namna hii, na naelewa uchungu uliomo ndani yake. Umefukuzwa, huamini sababu uliyopewa, na ushahidi karibu wote umefungiwa kwenye kompyuta za mwajiri. Hata hivyo ombi hilo hukataliwa, na kwa haki, maana halimwonyeshi hakimu ni jambo gani litathibitishwa.

Anza na madai yako na majibu ya mwajiri. Yasome pamoja, weka alama kila mnapopingana. Alilokwisha kulikubali halihitaji waraka: kama amekiri kwamba hukupewa notisi, usihangaike na barua za notisi. Nyaraka zinazohusika ni zile zinazogusa mnayobishania.

Chukua mfano huu. Kikao cha nidhamu kilifanyika Alhamisi, na barua ya kukuachisha kazi ina tarehe ya Ijumaa. Wewe unadai uamuzi ulikuwa umeshapitishwa kabla hujajitetea. Nakala ya karatasi haitakusaidia hapo. Omba faili lenyewe la barua, pamoja na kumbukumbu za kompyuta zinazoonyesha lilianzishwa lini na nani alilihariri. Likionekana lilianzishwa Jumatatu, mwajiri ana kazi kubwa ya kujieleza. Faili moja kama hilo nalithamini kuliko sanduku zima la baruapepe.

Nchini Uingereza kipimo cha zamani kilikuwa kipana mno. Katika shauri la Peruvian Guano la mwaka 1882, hata waraka ambao ungeweza tu kumfungulia mtu njia ya kuchunguza zaidi ulihesabiwa kuwa unahusika. Kanuni za kesi za madai zilizoanza kutumika mwaka 1999 zilikibana: kwa kawaida unatoa nyaraka unazozitegemea, zinazodhoofisha upande wako, na zinazodhoofisha au kuunga mkono upande wa pili. Naona mabadiliko hayo yalikuwa mazuri, kwa sababu mfanyakazi asiye na wakili huzama kwenye makaratasi mapema kuliko kampuni.

Waajiri hupenda kujibu, "Hiyo ni siri." Mwaka 1979, katika Science Research Council v Nassé, Bunge la Malordi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa huko, liliamua kwamba usiri peke yake hautoshi kuzuia waraka. Kinachotazamwa ni kama unahitajika ili shauri liamuliwe kwa haki, na hakimu anaweza kuusoma kwanza mwenyewe au kuagiza majina ya wasiohusika yafunikwe. Hili lina uzito hasa unapodai kubaguliwa, kwani bila fomu za alama za wenzako waliopandishwa cheo huna cha kulinganisha na zako.

Kwa hiyo andika hivi: "Naomba mawasiliano kati ya meneja na afisa rasilimali watu, kuanzia tarehe 3 hadi 14 Machi, kuhusu kikao changu cha nidhamu, kwa sababu aya ya 7 ya majibu inasema uamuzi ulifikiwa baada ya kikao." Watu, muda, jambo, hoja.

Wajibu wa kutoa nyaraka unakuhusu na wewe. Jumbe za WhatsApp ulizomwandikia mwenzako usiku ule ulipofukuzwa huenda zikahusika pia, hata zile zinazokuumiza. Usizifute.