SSD haiongezi fremu za gemu
Vijana wengi wa Mwanjelwa na Uyole, Mbeya, bado wanaamini kwamba ukifunga SSD (diski ya kuhifadhi isiyozunguka), gemu itapata fremu nyingi zaidi, yaani picha nyingi zaidi kwa sekunde. Sivyo. Fremu huchorwa na kadi ya grafiki ikisaidiana na prosesa. SSD husoma mafaili, ndiyo maana ramani hufunguka upesi. Ukitoka kwenye hadidiski ya kuzunguka, tofauti utaiona siku hiyohiyo. Lakini kutoka SSD ya SATA, aina ya polepole yenye takriban megabaiti 550 kwa sekunde, kwenda NVMe, aina ya kasi, ya 3,500, gemu nyingi huokoa sekunde chache tu. Mwenye bajeti finyu achukue yenye nafasi kubwa, terabaiti 1 ikiwezekana. Na kabla hujalipa, hakikisha tundu la M.2, la kuchomeka SSD nyembamba, kwenye mashine yako linakubali NVMe. Mengine hupokea SATA pekee.