Je, wajua Berlanga aliwezaje kuicheka Hispania ya Franco mbele ya wakaguzi wa Franco?

Kuna kisa ambacho Luis García Berlanga, mwongozaji filamu wa Hispania, alipenda kukisimulia uzeeni. Katika mswada wake mmoja aliandika mstari usio na neno baya hata moja: kamera inaonyesha Gran Vía, barabara kuu ya Madrid, kwa mbali. Mswada uliporudi kutoka kwa wakaguzi wa serikali, mstari ule ulikuwa umepigwa kalamu. Akauliza barabara imekosa nini. Akajibiwa kwamba barabara haina kosa, ila kwa vile atakayeipiga picha ni Berlanga, hatashindwa kumpitisha askofu anayetoka kwenye klabu ya usiku.

Nakipenda kisa hiki kwa sababu mkaguzi yule, pamoja na ukali wake, aliielewa sinema. Alijua kwamba kilichoandikwa sicho kitakachoonekana. Na hapo ndipo lilipo jibu la swali linalonijia kila ninapotazama filamu za mzee huyu: ilikuwaje mtu akaitia tashtiti Hispania ya Jenerali Francisco Franco, aliyeitawala nchi nzima tangu 1939 hadi alipokufa 1975, na filamu zake zikapita mikononi mwa watu wa Franco mwenyewe hadi zikafika kumbini?

Kwanza tuuone mtego wenyewe. Mswada ulipelekwa kwa wakaguzi kabla ya kamera kuwashwa. Ukipita, unapiga picha. Filamu ikikamilika inarudi tena kwao, inatazamwa, inakatwa panapotakiwa kukatwa. Miongoni mwa wakaguzi alikuwamo mwakilishi wa Kanisa Katoliki, na neno lake lilikuwa zito. Kisha serikali iliipa filamu daraja, na daraja ndilo lililoamua mtayarishaji atapata msaada gani wa fedha. Hivyo hata filamu ambayo haikupigwa marufuku ingeweza kufa kwa njaa.

Berlanga alizaliwa Valencia tarehe 12 Juni 1921, katika familia yenye uwezo. Baba yake alikuwa mbunge wa upande wa Jamhuri, ndio ulioshindwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1936 hadi 1939. Vita vilipokwisha akahukumiwa kifo. Mwaka 1941 Luis, kijana wa miaka 20, alijiandikisha katika Divisheni ya Bluu, kikosi cha Wahispania wa kujitolea kilichokwenda kupigana upande wa Hitler katika baridi ya Urusi. Fikiria: mtoto wa mtu anayesubiri kuuawa na serikali, amevaa sare ya kikosi cha serikali hiyohiyo. Baadaye alieleza kwamba alitumaini kwenda kwake kungemwokoa baba, na akakiri pia kwamba kulikuwa na msichana aliyetaka kumvutia. Baba hakuuawa. Adhabu iligeuzwa kuwa kifungo, akakaa gerezani miaka mingi.

Jambo hilo tutalirudia.

Mwaka 1947 ilifunguliwa Madrid shule ya serikali ya sinema, na Berlanga akawa katika kundi la kwanza la wanafunzi. Huko alikutana na Juan Antonio Bardem, mkomunisti, na wawili hao wakaongoza pamoja filamu yao ya kwanza ndefu mwaka 1951. Lakini iliyomtoa Berlanga ni ¡Bienvenido, Mister Marshall! ya 1953, yaani Karibu, Bwana Marshall.

Wenye fedha hawakutaka tashtiti hata kidogo. Walitaka filamu ya kumtangaza mwimbaji kijana, Lolita Sevilla, yenye nyimbo za Andalusia, jimbo la kusini mwa Hispania, ambazo watu walizipenda. Berlanga akawapa nyimbo zao, halafu akazizungushia hadithi yake. Kijiji kimoja maskini cha katikati ya Hispania kinaambiwa kwamba Wamarekani wa Mpango wa Marshall, ule uliomwaga fedha Ulaya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, watapita kukitembelea. Wanakijiji wanakopa, wanajenga kuta za maonyesho, wanavaa kofia na magauni ya Andalusia ambayo hawajawahi kuyavaa maishani, kwa sababu wameambiwa ndivyo Mmarekani anavyoijua Hispania. Wanapanga foleni na kila mmoja anataja kitu kimoja anachokitaka. Mkulima anaota ndege ikimdondoshea trekta kwa mwavuli. Siku ikafika, magari ya wageni yakaja mbio, yakapita bila hata kupunguza mwendo, yakaacha vumbi. Kilichobaki ni deni, na kila mtu anatoa alichonacho kulilipa.

Wakaguzi waliona nini? Waliona Wamarekani wakichekwa, na Hispania halisi ilikuwa imeachwa nje ya Mpango wa Marshall, kidonda ambacho serikali ya Franco ilikiuguza pia. Basi wakapitisha. Wasichokiona, au walichokubali kutokiona, ni kwamba aliyevaa nguo za kuazima ili apendwe na wageni ni Hispania yenyewe. Septemba ya mwaka huohuo serikali ya Franco ilitia saini mkataba wa kuwapa Wamarekani kambi za kijeshi.

Kelele zilitoka kwingine kabisa. Kwenye tamasha la Cannes, mwigizaji wa Marekani Edward G. Robinson, aliyekuwa miongoni mwa majaji, alichukizwa na picha moja ya mwishoni inayoonyesha kibendera cha Marekani kikichukuliwa na maji ya mvua mtaroni. Hata hivyo filamu ilitunukiwa kama filamu ya kuchekesha.

Mbinu ya kujificha ndani ya nyimbo haikuweza kutumika mara mbili. Mwaka 1957 alipiga Los jueves, milagro, kuhusu wakubwa wa kijiji wanaobuni muujiza wa uongo ili wateja warudi kwenye chemchemi zao za maji ya tiba. Hapo aligusa Kanisa. Mswada ulibadilishwa na kubadilishwa tena, na padri akaingiza mkono wake mwingi kiasi kwamba Berlanga, kwa maelezo yake mwenyewe, alitaka jina la padri liandikwe miongoni mwa waandishi. Filamu ilitoka imepinda. Naitazama kwa huzuni, maana nusu ya kwanza ni ya Berlanga na nusu ya pili unamsikia mtu mwingine akizungumza.

Ndipo akaja Rafael Azcona, mwandishi kutoka Logroño, mtu wa maneno makavu na jicho lisilosamehe. Filamu yao ndefu ya kwanza pamoja, Plácido ya 1961, ndiyo inayoonyesha vizuri kuliko zote jinsi jambo hili lilivyowezekana, na hapa naomba tukae kidogo.

Ni mkesha wa Krismasi katika mji mdogo. Mabibi wa mji wameandaa kampeni: kila familia tajiri imkaribishe maskini mmoja mezani kwa usiku mmoja, na kampuni ya sufuria inadhamini. Plácido amekodiwa na guta lake, lililowekwa nyota kubwa juu, kuzunguka mjini kuitangaza hisani hiyo. Shida yake ni moja tu: leo ni siku ya mwisho ya kulipa awamu ya kwanza ya deni la guta lenyewe, na kila anayemwomba amlipe ujira wake ana haraka ya kuwahudumia maskini. Familia yake inashinda katika choo cha umma anachokitunza mkewe. Katika nyumba mojawapo maskini mwalikwa anazidiwa kabla ya chakula kwisha, na wenyeji, wakigundua kwamba anaishi na mwanamke bila ndoa, wanahangaika kumfungisha ndoa kabla hajakata roho, wasije wakapata dhambi wao.

Sasa sikiliza inavyosikika. Watu wanane, kumi, kumi na wawili wako ndani ya chumba kimoja, wote wanazungumza kwa mpigo. Mmoja anauliza habari ya divai, mwingine analalamikia mafua yake, wa tatu anatoa amri, na Plácido katikati anarudia habari ya hati yake ya deni. Kamera haikatikati; inawafuata kutoka chumba hadi chumba kwa dakika nzima na zaidi, bila mhariri kuingiza mkasi.

Jaribu kuusoma ukurasa kama huo mezani ukiwa mkaguzi. Karatasi inakupa sentensi moja chini ya nyingine, kila moja imesimama peke yake, na hakuna hata moja yenye kosa. Kuuliza divai si kosa. Kulalamikia mafua si kosa. Kosa lote limo katika kusemwa kwa pamoja, katika sauti ya maskini kufunikwa na sauti za watu wema. Na filamu ikishakamilika, utaikata wapi? Picha moja ndefu isiyo na viungo ukiikata katikati inajeruhika mbele ya macho ya kila mtu. Sidai kwamba Berlanga aliubuni mtindo huo kwa ajili ya kuwakwepa wakaguzi. Nadhani alikuwa Mvalencia anayependa ghasia za sikukuu, na ndivyo alivyowasikia watu. Lakini ulimfaa kuliko fumbo lolote. Wakaguzi walikataa jina la kwanza la filamu, lililochukua maneno ya wito wa kualika maskini mezani, kisha wakaiachia filamu yenyewe. Iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni.

Pia tazama anayechekwa. Franco haonekani, waziri haonekani, hata meya ni wa kijiji tu. Wanaoonekana ni wauza sufuria, mabibi wa hisani, makarani. Mkaguzi alitafuta maadui wa serikali akakuta majirani zake.

Miaka miwili baadaye likaja pigo lenyewe, El verdugo, Mnyongaji. Mbegu yake ni kisa ambacho rafiki mwanasheria alimsimulia Berlanga: mwanamke aliuawa kwa amri ya mahakama mjini Valencia mwaka 1959, na siku hiyo aliyehitaji kukokotwa ni mnyongaji. Katika filamu, kijana José Luis anafanya kazi ya kubeba majeneza. Anampenda binti wa mnyongaji mzee. Mzee anastaafu, na familia itaikosa nyumba ya serikali isipokuwa mkwe arithi kazi ya ukweni. Anatia saini kwa sababu ya nyumba, akijiambia kwamba kila mfungwa atasamehewa. Kisha anaitwa Mallorca, katikati ya watalii na jua. Karibu na mwisho, kamera inatazama kutoka juu ukumbi mkubwa mweupe, mtupu, wenye mlango mdogo mweusi upande wa mbali. Kundi moja linamsindikiza mfungwa. Nyuma kidogo kundi la pili linamburuta mnyongaji, miguu imelegea, kofia imemwanguka.

Nikikumbuka kwamba aliyeiweka kamera ile ni mtoto wa mtu aliyewahi kusubiri mlango kama huo, sipati neno la kuongeza.

Hapa wakaguzi walikata, hata mlio wa vyuma ndani ya mkoba wa mnyongaji uliwakera. Na wakati ulikuwa mbaya. Aprili 1963 mkomunisti Julián Grimau alipigwa risasi kwa hukumu ya mahakama ya kijeshi. Tarehe 17 Agosti vijana wawili waanarkisti, yaani wapinzani wa kila aina ya dola, Francisco Granado na Joaquín Delgado, waliuawa kwa garrote, ile kola ya chuma inayokazwa shingoni kwa skrubu. Wiki chache baadaye filamu ikaonyeshwa Venice. Balozi wa Hispania nchini Italia, Alfredo Sánchez Bella, aliandika barua ya hasira kwa waziri wake. Inasimuliwa kwamba Franco alisema Berlanga si mkomunisti, ni kitu kibaya zaidi: ni Mhispania mbaya.

Hakufungwa. Alilipa kwa namna nyingine, kwa kukosa kazi. Kati ya 1964 na kifo cha Franco alimaliza filamu ndefu tatu tu, na mbili kati ya hizo alizipigia nje, moja Argentina na nyingine Ufaransa.

Baada ya 1975 mlango ulifunguka. La escopeta nacional ya 1978, kuhusu mfanyabiashara anayegharamia safari ya uwindaji ili awapate mawaziri, iliwajaza watu kumbini na kuzaa filamu mbili za kuifuatia. La vaquilla ya 1985, kichekesho kuhusu vita vya wenyewe kwa wenyewe, ilitokana na wazo alilolibeba tangu miaka ya 1950. Na karibu katika kila filamu, ukitega sikio, utasikia mtu akitaja Milki ya Austria-Hungaria, dola ya zamani ya Ulaya, pasipo sababu. Jina hilo lilianza kwa bahati, kisha akaogopa kuliacha, likawa hirizi yake.

Filamu yake ndefu ya mwisho, París-Tombuctú ya 1999, inafunga kwa maandishi ya Kihispania yenye maana ya «Naogopa», na herufi L. Alifariki tarehe 13 Novemba 2010. Mwaka 2020 kamusi ya Akademia ya Hispania ililiingiza neno berlanguiano, kivumishi cha mambo yaliyo kama yake.

Mwaka 2008 alikuwa ameweka bahasha katika sanduku la chuma la Taasisi ya Cervantes jijini Madrid, lifunguliwe atakapotimiza miaka 100 tangu azaliwe. Lilifunguliwa Juni 2021. Ndani mlikuwa na mswada wa ¡Viva Rusia!, sehemu ya nne ya hadithi ya La escopeta nacional, ambayo haikupigwa kamwe. Sentensi moja chini ya nyingine, kila moja imesimama peke yake, kama zilivyokuwa zikiwafikia wakaguzi.