Muundo wazi wa faili si ahadi ya mwonekano mmoja

Wengi huamini kwamba programu mbili zikitumia muundo mmoja wa faili ulio wazi, yaani ambao maelezo yake yanapatikana kwa wote, waraka utaonekana vilevile kokote utakapofunguliwa. Imani hiyo haikuzuka hivihivi. ODF, muundo wa faili za .odt, ilipitishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2006, na OOXML, muundo wa faili za .docx, mwaka 2008.

Ila kiwango hueleza jinsi taarifa zinavyoandikwa ndani ya faili. Programu moja inaweza kutekeleza kipengele ambacho nyingine imekiacha. Tena fonti, yaani mitindo ya herufi, ambazo ndizo huleta usumbufu mwingi, kwa kawaida hazisafiri na waraka. Kinachosafiri ni majina yake tu.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe. Nakili faili yoyote ya .docx, badilisha mwisho wa jina la nakala uwe .zip, kisha ifungue. Utakuta folda iitwayo word, na ndani yake fontTable.xml, inayosomeka hata kwa programu ya kawaida ya maandishi. Humo mna majina ya fonti, tuseme Calibri. Kompyuta isiyo na Calibri hutafuta mbadala. LibreOffice, programu huria ya kuandikia nyaraka, huweka fonti ya Carlito ikiwepo, ambayo upana wa herufi zake ni uleule, hivyo mistari haihami. Mbadala ukiwa mpana zaidi, CV ya ukurasa mmoja inamwagikia wa pili.

Waraka wa kusomwa tu ni heri uutume kama PDF, kwani hiyo huweza kubeba fonti zake.